Ruhusa ya Padre Haikutosha: Sheria na Maadili kwa Wanafunzi Wanaotafiti Makundi ya Mtandaoni



Miaka michache iliyopita wanafunzi watano wa chuo kimoja cha elimu ya juu, waliokuwa wakisali katika parokia tuliyoihudumia wakati huo, walitusubiri nje ya sakristia baada ya Misa ya pili. Mhadhiri wao alikuwa amewapa kazi ya kikundi: wachunguze jinsi jumuiya za mtandaoni zinavyojitungia sheria, na jinsi sheria hizo zinavyopatana au kutopatana na maadili. Maswali yao yalikuwa mazuri. Nani huandika kanuni za kundi? Nani ana mamlaka ya kufuta ujumbe wa mwenzake? Mtu anapoondolewa kundini, husikilizwa kwanza, au hujikuta tu yuko nje kama aliyefungiwa mlango usiku? Wakaomba kutumia mazungumzo ya kundi la WhatsApp la parokia, ambamo wao wenyewe walikuwa wanachama na sisi tulikuwa msimamizi. Tulikuwa na haraka ya kwenda kigangoni. Tukawaambia, "Endeleeni, wanangu, ruhusa mnayo."

Baada ya miezi miwili ripoti yao ilikuwa tayari. Majina yalikuwa yameondolewa na namba za simu zimefunikwa kwa wino mweusi. Ndani ya ripoti, hata hivyo, walikuwa wamenakili neno kwa neno ujumbe wa mama mmoja aliyeomba msaada wa fedha za matibabu ya mwanawe. Ujumbe huo tuliufuta sisi wenyewe, kwa kuwa kanuni za kundi zilikataza maombi ya michango yasiyopitia kamati. Lakini mmoja wa wanafunzi alikwisha kuupiga picha ya skrini kabla haujafutwa. Ripoti ikasomwa darasani, nakala yake ikapita simu hata simu, ikamfikia mwanakwaya wetu mmoja. Mwanakwaya hakuhitaji jina. Mama huyo ana mtindo wake wa kuandika: huanza kwa salamu ndefu ileile na kumaliza kwa kumtaja mtakatifu msimamizi wa jumuiya yake. Juma lililofuata kwaya nzima ilijua ugonjwa wa mtoto na kiasi cha fedha kilichoombwa.

Tunalieleza jambo hili kwa idhini ya mama mwenyewe, baada ya kubadili baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha. Tunalieleza kwa sababu wanafunzi wengi wa vyuo, wakiwemo wanachama wa vyama vyetu vya kitume, sasa wanapewa kazi za namna hii, na kwa sababu kosa la kwanza halikuwa la wanafunzi.

Swali lilikuwa la haki

Tuanze kwa kuwatetea vijana. Kilichowavutia kuchunguza ni jambo zito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba sheria ni agizo la akili, lililowekwa kwa ajili ya manufaa ya wote, likatolewa na mwenye dhamana ya kuitunza jumuiya, na likatangazwa. Hayo manne tuliyasoma seminarini, tukayafanyia mtihani, na yaelekea tuliyasahau siku tuliyoshika simu yenye kundi la watu mia kadhaa.

Kundi letu lilikuwa na kanuni. Ziliandikwa siku lilipofunguliwa, zikabaki huko juu, zikafunikwa na maelfu ya salamu za asubuhi, matangazo ya misiba na picha za mahafali. Waliojiunga baadaye hawakuziona kamwe. Sheria isiyotangazwa haiwezi kumfunga mtu asiyeijua bila kosa lake. Lakini sisi tulimfutia mama ujumbe wake kwa sheria hiyohiyo. Hatukumpigia simu. Hatukumwambia kamati inakutana lini wala mlango wake uko wapi. Katika serikali yenye utaratibu, anayetunga sheria, anayehukumu na anayetekeleza hukumu ni watu tofauti. Katika kundi la mtandaoni wote watatu wanakaa katika kidole gumba kimoja, na kidole hicho hakitoi sababu.

Kwa hiyo wanafunzi waligusa kidonda halisi. Wameandika kweli kuhusu utawala wetu, na tuliposoma sura hiyo tuliona aibu. Tatizo ni kwamba, katika kuonyesha jinsi mama alivyotendewa bila kuulizwa, nao walimtendea bila kumwuliza.

Sheria ya nchi inafika wapi

Tulipowaita, walijitetea kwamba hawakuvunja sheria yoyote. Mawazo yao yalikuwa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo ndiyo hutajwa zaidi mitaani na ndiyo iliyowaogopesha watu wengi. Sheria hiyo inakataza kuchapisha taarifa ambazo mtu anajua ni za uongo, na inakataza kumtumia mwingine ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumwumiza moyo. Kwa kosa hilo la pili adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ripoti ya wanafunzi haikuwa na uongo wala vitisho. Kwa kipimo hicho walikuwa salama.

Lakini ipo sheria nyingine, ambayo wao hawakuwa wameisoma, na tukiri kwamba nasi tulikuwa tumeisikia kwa mbali tu. Ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenzetu wa Kenya walitangulia na sheria yao mwaka 2019. Sheria hii haiulizi kama taarifa ni ya kweli au ya uongo. Inauliza ni ya nani, imekusanywa kwa lengo gani, na mwenyewe anajua nini juu ya jambo hilo. Tena inatenga kundi la taarifa nyeti, zinazolindwa zaidi: miongoni mwake zimo taarifa za afya, za watoto, za miamala ya fedha, na zile zinazofunua imani ya dini ya mtu. Kanuni yake kuhusu taarifa nyeti ni ridhaa ya maandishi ya mhusika. Ina misamaha yake yenye masharti, na tunamsihi mwanafunzi asijisomee msamaha peke yake usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Amwulize mhadhiri wake na kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, mapema.

Sasa hebu tufungue kundi la parokia yoyote asubuhi moja. Kuna nia ya Misa kwa ajili ya mgonjwa aliyelazwa, akiwa ametajwa kwa jina na wodi. Kuna orodha ya waliotoa mchango wa ujenzi, na kiasi cha kila mmoja, na deni la wasiomaliza. Kuna picha za watoto wa Komunyo ya Kwanza wakiwa na sare za shule. Juu ya hayo yote, kuwemo tu katika kundi hilo kunatangaza mtu ni wa dini gani. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo taarifa nyeti zimejaa kiasi hicho katika kurasa chache, na wanafunzi waliingia humo kwa ruhusa iliyotolewa mlangoni mwa sakristia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inaweka heshima ya mawasiliano ya binafsi ya mtu pamoja na heshima ya maskani yake. Kuwekwa pamoja huko kuna maana: anayeingia katika mazungumzo ya watu ameingia nyumbani kwao.

Kisa cha chuo kikubwa

Kwa kuwa wanafunzi walituuliza kama kosa hili ni la washamba tu, tuliwasimulia kisa kinachojulikana sana kwa wanaofundisha maadili ya utafiti. Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walianza kukusanya kurasa za Facebook za wanafunzi 1,640 wa chuo kimoja, wote wa mkupuo mmoja, ili kufuatilia jinsi urafiki unavyojengeka mwaka hadi mwaka. Walikuwa na ruhusa ya Facebook. Walikuwa na ruhusa ya chuo. Walikuwa na kibali cha kamati ya maadili. Walifuta majina na namba za utambulisho, na Septemba 2008 wakazitoa taarifa hizo ili watafiti wengine wazitumie.

Chuo hakikutajwa, lakini ndani ya siku chache kilijulikana kuwa ni Harvard. Msomi mmoja, Michael Zimmer, alilieleza jambo hilo kwa kirefu katika makala aliyoichapisha mwaka 2010. Yeye na wengine hawakuhitaji hata kuzipakua taarifa zenyewe. Maelezo yaliyoambatana nazo yalitosha: idadi ya wanafunzi, majina ya masomo ambayo karibu hayapatikani kwingine, na utaratibu wa mabweni. Zaidi ya hapo, ndani ya orodha walikuwamo wanafunzi waliokuwa peke yao kutoka taifa fulani. Ukishajua chuo, mtu wa namna hiyo hana pa kujificha. Taarifa zikaondolewa.

Jambo lililotugusa zaidi liko katika namna zilivyokusanywa. Baadhi ya waliotumwa kufungua kurasa hizo walikuwa wanafunzi wa chuo kilekile. Wakati huo mtu aliweza kuuacha ukurasa wake uonekane na wenzake wa chuo tu. Msaidizi wa utafiti aliona kama mwenzao, kisha akaandika kama mtafiti. Waliofungua mlango kwa ajili ya jirani hawakujua kwamba jirani amekuja na daftari. Na wale 1,640 ndio pekee ambao, katika msururu wote wa ruhusa, hakuna aliyewauliza.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Desemba 2005, wanafunzi wawili wa MIT walikuwa wamekwisha kuonyesha, katika kazi yao ya chuo, jinsi ilivyo rahisi kuvuna kurasa za namna hiyo kwa programu ndogo: walikusanya zaidi ya 70,000 kutoka vyuo vinne. Lengo lao lilikuwa jema, kuonya juu ya hatari kwa faragha. Hata hivyo wenye kurasa wangeweza kuuliza kwa nini onyo lililazimika kupitia kwao.

Ukisoma visa hivi utaona neno moja likirudi katika utetezi wa watafiti: "Mbona yalikuwa yanaonekana?" Ndilo neno walilotuambia vijana wetu pia. Walikuwa wanachama; waliona kila kitu kihalali. Lakini kuonekana ni jambo moja na kuruhusiwa ni jingine. Jirani anayeanua nguo zangu mvua inapokuja anaziona zote, na bado si zake za kuzianika sokoni. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotungwa baada ya maovu ya waganga wa utawala wa Hitler, zinaweka mwanzoni kabisa ridhaa ya hiari ya mhusika mwenyewe. Si ya daktari wake, wala ya mkuu wa taasisi, wala ya paroko wake.

Hamu hakusema uongo

Mtakatifu Thoma anatoa fundisho jingine linalofaa hapa: sheria za wanadamu hazikatazi kila uovu, bali hasa ule mzito ambao watu wengi wanaweza kujiepusha nao, na ambao usipokatazwa jamii haiwezi kusimama. Kwa hiyo anayeuliza tu "Je, sheria imekataza?" ameishia ukumbini, vyumba vya ndani bado.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatofautisha makosa matatu dhidi ya jina jema la mtu: kumhukumu bila msingi wa kutosha, kumsingizia uongo, na kufunua kasoro zake kwa wasiozijua pasipo sababu ya haki. Hilo la mwisho huwashangaza wengi, maana linatendwa kwa kusema kweli. Namba 2489 inaendelea kwamba hakuna anayelazimika kuufunua ukweli kwa asiye na haki ya kuujua. Nayo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 220, inamkataza kila mtu kuharibu isivyo halali sifa njema ya mwingine, au kuvunja haki yake ya kutunza faragha yake. Umaskini wa mama yule haukuwa kasoro wala dhambi. Lakini ulikuwa wake, na yeye ndiye aliyekuwa amechagua wa kumwambia.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kinatupa picha tuliyoitumia na vijana wale. Nuhu alilewa divai akalala uchi hemani mwake. Hamu akaingia, akaona, akatoka, akawasimulia ndugu zake wawili. Shemu na Yafeti wakachukua vazi, wakaliweka mabegani, wakatembea kinyumenyume wakiwa wamegeuza nyuso zao, wakamfunika baba yao. Hamu hakusema uongo. Alichosimulia alikiona kwa macho yake, tena hadithi haikutoka nje ya familia. Leo angesema, "Nimeituma kwenye kundi la familia tu." Mmoja wa wanafunzi aliuliza swali la haki: je, basi mtafiti atembee kinyumenyume na asione chochote? Hapana. Shemu na Yafeti nao walijua kilichokuwa hemani, la sivyo wasingechukua vazi. Tofauti yao na Hamu ni walichokifanya na ujuzi huo.

Hapa lazima tuweke onyo, maana vazi hilo limewahi kutumiwa vibaya. Kanisa limejifunza kwa uchungu mkubwa kwamba kufunika kunaweza kuwa uovu, na Papa Fransisko alitoa hati Vos estis lux mundi, mwaka 2019, ili viongozi wa Kanisa wasifunike tena unyanyasaji. Wanafunzi wakikuta katika mazungumzo dalili kwamba mtoto anadhurika, ahadi ya kutunza siri za washiriki haiwazuii kutoa taarifa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za namna hiyo azifikishe kwa serikali ya mtaa au kijiji. Jambo hilo waambiwe washiriki tangu mwanzo, kabla hawajaridhia.

Namna ya kufanya vizuri zaidi

Hatukutaka vijana wetu waache utafiti. Hati ya Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii kuhusu maadili katika intaneti, ya tarehe 22 Februari 2002, inamweka binadamu na jumuiya ya wanadamu kuwa lengo na kipimo cha matumizi ya vyombo hivi. Nasi hatuwezi kuwa na kipimo pasipo watu wa kupima. Tulichokubaliana nao ni haya.

Ridhaa iombwe kwa kila mwanakundi. Msimamizi anaweza kuwafungulia mlango wa kuomba, basi. Hawezi kuridhia kwa niaba ya watu ambao hata hakuwauliza. Tangazo likiwekwa asubuhi na kufikia jioni limezikwa chini ya jumbe mia, ukimya wa wengine si ridhaa. Tumwache nje aliye kimya. Wapo watakaosema kwamba hilo litapunguza sana kilichopo cha kuchunguza, na ni kweli. Utafiti mdogo ulio wa haki unatosha kwa kazi ya muhula mmoja. Walio chini ya miaka 18, wazazi au walezi wahusishwe. Anayeridhia leo awe huru kujitoa kesho bila kuulizwa sababu, na hasa anapoombwa na padre au kiongozi wa chama chake, maana Mkristo wetu huona vigumu kumkatalia padre. Ndiyo maana tunashauri mapadre tusiwe waombaji kabisa.

Ujumbe uliofutwa ni suala la pekee. Mtu anapofuta maneno yake ameyarudisha mfukoni mwake, na mtafiti asiyatoe humo. Kama amefutiwa na msimamizi, kama ilivyokuwa kwa mama yule, maneno bado ni yake, na wa kuulizwa ni yeye.

Kuhusu kunakili neno kwa neno: katika tovuti za wazi, sentensi iliyonakiliwa huweza kutafutwa ikampata mwandishi wake kwa sekunde. Kundi la WhatsApp haliwezi kutafutwa hivyo, lakini parokia yenyewe ni mtambo wa kutafutia ulio hodari kuliko wowote. Hivyo maana ielezwe kwa maneno ya mtafiti, lahaja isawazishwe, kiasi cha fedha na majina ya watakatifu yaondolewe. Picha za skrini zisikae kwenye simu ambayo wadogo zako wanachezea michezo, na siku ya kuzifuta iandikwe kabla ya siku ya kuzikusanya.

Na mara nyingi mazungumzo ya watu hayahitajiki kabisa. Vijana wetu walitaka kujua jinsi kundi linavyotawaliwa. Wangeweza kukusanya kanuni za makundi kadhaa na kuzilinganisha. Wangeweza kutuhoji sisi wasimamizi, tukajibu kwa nini tulifuta na kwa nini tuliondoa. Hapo mwenye mamlaka ndiye angewekwa mezani badala ya mwombaji. Ripoti yao ya pili ilifanywa hivyo, na tulipohojiwa tulitoka jasho.

Kabla ya hiyo ripoti ya pili tulikwenda nyumbani kwa mama, sisi na wanafunzi wote watano, jioni ya Jumatano. Kosa dhidi ya jina la mtu hudai fidia hata baada ya kusamehewa, na hatukuona njia nyingine ya kuianza. Alitukaribisha, akatuandalia chai, akatusikiliza hadi mwisho.

"Padre," alisema, "mimi nilikuwa nawaomba ninyi wa parokia. Sikuwa naomba chuo."

Kisha, baada ya kumimina chai ya mwisho: "Na wewe Padre ulinifutia bila kunipigia simu. Nilikaa siku tatu nikidhani nimekosea kusali."

Hilo la pili hatukuwa tumelitarajia, wala hatukuwa na jibu. Kamati ya parokia ilikutana juma hilohilo ikachangia sehemu ya gharama za mtoto. Picha za skrini zilifutwa mbele ya mama, simu moja baada ya nyingine, zote tano. Nakala za ripoti ya kwanza zilizokwisha kupita mikononi mwa wanakwaya hatujui ziko wapi.